Gripi ya baridi: seli za mwili zinapigana vipi ndani ya kifua, na kwa nini shindano (sindano) la siku ya pili halizisaidii kitu

#1 LaborantiniKatuba

Wakubwa kwa wadogo, jambo kutoka Lubumbashi. Tuko mwezi wa sita, baridi imekaza, vumbi jekundu liko hewani tangu asubuhi, na usiku ukipita Katuba unasikia kikohozi kila nyumba. Mimi ni laborantini kwenye kituo kidogo cha afya. Kila siku naona mambo yaleyale: mtu homa imemshika jana, leo anadai shindano. Mwingine anakuja ameshameza amoksisilini, antibiotiki ya famasi, na ameongezewa kidonge cha dexa (deksamethasoni) "ili mwili upate nguvu". Inaniuma sana, kwa sababu wakati huohuo ndani yake kuna kazi kubwa inayoendelea, na hakuna aliyewahi kumweleza. Nafungua uzi huu niieleze kazi hiyo. Someni polepole, maswali yanakaribishwa.

Gripi ninayosema hapa ni influenza yenyewe, ile inayomlaza mtu mzima kitandani, si kila pua inayochuruzika. Kirusi chake ni kidogo mno: ukipanga 10,000 kwenye mstari mmoja unapata kama milimita moja. Ndani kina vipande 8 vya RNA, maandishi yake ya urithi, na hakina uwezo wa kujizalisha chenyewe. Kwa nje kimejaa protini mbili, zile zinazotajwa kwa herufi H na N. H inashika sukari iliyo juu ya seli za njia ya hewa ili kirusi kivutwe ndani. N inakata sukari hiyohiyo wakati virusi vipya vinatoka, visinase mlangoni. Tangu seli moja ivamiwe hadi ianze kutema virusi vipya ni saa 6 mpaka 8 hivi. Piga hesabu mwenyewe ya usiku mmoja.

Kizuizi cha kwanza ni ute wa pua na koo, pamoja na vinyweleo vidogo sana vinavyousukuma ute huo kwenda juu ili uuteme au uumeze. Virusi vingi vinaishia hapo. Hewa kavu ya baridi inakausha ute na kupunguza kasi ya vinyweleo, na virusi vyenyewe vinadumu zaidi kwenye hewa kavu. Ndiyo sababu moja inayofanya miezi hii iwe mibaya kwetu.

Kikishapita, unakaa siku 1 hadi 4, mara nyingi 2, bila kuhisi chochote. Hapo ndipo inapoanza sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Seli iliyovamiwa hainyamazi. Ndani yake kuna protini ambazo kazi yake ni kutambua RNA ya kigeni, na zikiigusa tu seli inaanza kutoa intaferoni. Intaferoni haiui kirusi. Inakwenda kwenye seli za jirani ambazo bado ni nzima, nazo zikiipokea zinajifunga: zinatengeneza protini zinazokatakata RNA na kusimamisha uzalishaji, ili kirusi kikiingia kikose pa kufanyia kazi. Seli inayokufa inaziokoa zile za pembeni. Waliogundua jambo hili ni Alick Isaacs na Jean Lindenmann, London, mwaka 1957, tena walitumia kirusi hikihiki cha influenza. Waliweka kirusi kilichouawa kwa joto pamoja na utando wa yai la kuku, kisha wakaona kwamba majimaji yaliyobaki yanaufanya utando mwingine usishikwe na kirusi hai. Kirusi nacho kina jibu lake. Kina protini iitwayo NS1, na kazi yake kubwa ni kuizuia ile intaferoni isitoke. Kwa hiyo siku ya kwanza na ya pili mambo yote yanategemea nani amewahi.

Seli zikishatoa intaferoni na kemikali nyingine za kuitana, ziitwazo saitokini, kemikali hizo zinaingia kwenye damu na kufika kwenye ubongo. Ubongo unapandisha joto, unakukatia hamu ya kula, unakulaza. Misuli inauma, mgongo unauma. Lakini virusi havimo kwenye misuli ya miguu yako! Karibu vyote viko kwenye njia ya hewa. Yale maumivu yanatokana na kinga yako mwenyewe ikiwa kazini.

Wakati huo kwenye mapafu kuna makrofaji, seli kubwa zinazoishi humo siku zote, zinameza virusi na mabaki ya seli zilizokufa. Nutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, zinaanza kumiminika kutoka kwenye damu. Hizi nazifahamu kwa macho. Nikiweka tone la damu lililotiwa rangi ya Giemsa chini ya darubini kutafuta malaria, naziona kila siku: kiini chao kimegawanyika vipande vitatu au vinne vilivyounganishwa na uzi mwembamba, rangi ya zambarau. Karibu nazo kuna limfosaiti, seli nyeupe za aina nyingine, ndogo, za mviringo, kiini kimejaza seli yote. Vimelea vya malaria tunavihesabu kwa kulinganisha na seli nyeupe 200, kwa hiyo hata mtu akija kwa ajili ya malaria tu, seli zake za kinga lazima nizipitie moja moja. Na mtu mwenye gripi kali, siku za mwanzo, mara nyingi limfosaiti zinapungua kwenye damu. Nyingi zimetoka kwenye damu, zimeingia kwenye tezi na mapafu.

Kuna pia seli za asili za kuua, zile zinazoitwa NK. Zenyewe hazisubiri kumjua adui kwa jina. Zinapita zikikagua seli za mwili, na ile ambayo imepoteza alama zake za kawaida zinaitoboa na kuiua pamoja na virusi vilivyomo.

Haya yote yanapunguza kasi tu. Kazi ya kumaliza inafanywa na wengine, na wao wanahitaji siku. Seli za dendriti zinachukua vipande vya kirusi kwenye mapafu, zinasafiri navyo hadi kwenye tezi za limfu, na humo zinavionyesha kwa seli T, ambazo ni aina ya limfosaiti, moja baada ya nyingine. Kila seli T inatambua kipande cha aina yake tu, na ile inayofaa inaweza kuwa moja kati ya laki moja au hata chache zaidi. Ni kama mama anayezunguka soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, na kipande cha kitenge mkononi, anatafuta duka lenye mchoro uleule. Akilipata, ile seli T inaanza kugawanyika, mbili, nne, nane, hadi maelfu kwa maelfu. Tezi zinavimba kwa sababu hiyo.

Kuanzia siku ya 5 hivi seli T za kuua zinafika kwenye mapafu kwa wingi. Zinagusa kila seli, na zikikuta kipande cha kirusi juu yake zinamwaga kemikali zinazoitoboa na kuiamuru ijiue. Siri ya namna zinavyotambua ilifumbuliwa na Peter Doherty na Rolf Zinkernagel huko Canberra, Australia, miaka ya 1970, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996: seli T inasoma kipande cha kirusi pamoja na alama ya mwili wako mwenyewe, vyote viwili kwa mara moja. Sambamba na hizo, seli B, limfosaiti za aina nyingine, zinatoa kingamwili, protini zinazoikamata ile H na kuizuia isishike seli mpya.

Kwa hiyo mtu mwenye afya anaanza kupata nafuu baada ya siku 3 hadi 7. Kikohozi kinaweza kuendelea wiki mbili au zaidi, kwa sababu ngozi ya ndani ya njia ya hewa imebanduka na vinyweleo vinaota upya.

Sasa niambieni, amoksisilini inaingilia wapi hapo? Amoksisilini inavunja ukuta wa bakteria. Kirusi hakina ukuta huo.

#2 MamaRuashi

Aksanti sana papa, leo nimesikia mambo. Sasa minauliza: kama homa njo kazi ya mwili, juu ya nini kwenye sante banatupatia parasetamoli? Hatuharibu ile kazi? Na mutoto akikuwa na homa, tumuache tu vile?

#3 LaborantiniKatuba

Mama, swali zuri sana. Hapana, usimwache ateseke. Joto linasaidia kiasi, seli nyingi za kinga zinafanya kazi vizuri zaidi mwili ukiwa na moto kidogo, lakini parasetamoli haizuii seli T wala kingamwili. Inapunguza tu ile prostaglandini inayouamuru ubongo kupandisha joto. Mtoto akipata nafuu ananyonya, anakunywa, analala, na hayo ndiyo anayoyahitaji. Mpe kwa kipimo cha uzito wake, si kwa kukadiria.

Ila jambo moja nakuomba ulibebe na uwaambie na jirani: mtoto mwenye gripi asipewe aspirini. Inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo uitwao Reye. Huku kwetu aspirini inauzwa hata kwenye meza ya barabarani pamoja na biskuti, na wazazi wanaichukua kwa nia njema kabisa.

#4 DerevaKasumbalesa

Mukubwa, mi sibishane na wewe. Lakini miye kila mwaka napataka gripi barabarani, napigwa shindano, siku ya ine ao ya tano niko nashika volan. Bila shindano nani atalipa watoto masomo? Iko naponyesha, nimeona na macho yangu.

#5 LaborantiniKatuba

Ndugu yangu dereva, naheshimu kazi yako, na najua gari likisimama nyumba nzima inasimama. Lakini tazama hesabu: ulipata homa, ukangoja siku moja au mbili, ukapigwa shindano, siku ya nne au ya tano ukaamka. Hiyo ndiyo siku ambayo seli zako zingekuamsha kwa vyovyote. Shindano limefika wakati seli T ziko njiani.

Na kuna shindano lingine linalonitia hofu zaidi, lile la dexa. Hilo kweli unalisikia! Saa chache tu maumivu yanapungua, njaa inarudi, unasema nimepona. Sababu ni kwamba deksamethasoni inazizima zile saitokini. Kirusi bado kipo, na seli T ambazo zingekimaliza zinadhoofishwa na dawa hiyohiyo. Dexa ina kazi zake hospitalini, kwa magonjwa yanayojulikana na mkononi mwa munganga anayejua. Kwa gripi ya nyumbani haina nafasi.

Dawa ya kirusi chenyewe ipo, inaitwa oseltamiviri. Inaifunga ile protini N, virusi vipya vinanasa juu ya seli. Inafaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48, na ni muhimu hasa kwa mjamzito, mzee, mtu mwenye ugonjwa wa moyo au kifua, na mgonjwa aliyezidiwa. Nyinyi wengine: maji, uji, usingizi, na ukae mbali na mtoto mchanga.

#6 MwalimuKipushi

Nimefuatilia uzi huu kwa makini na nitawasomea wanafunzi wangu sehemu ya kwanza. Swali langu: umeeleza jinsi seli zinavyokitambua kirusi. Surua mtu anaugua mara moja, basi. Kwa nini gripi inarudi kila mwaka kama kinga inakumbuka?

#7 LaborantiniKatuba

Mwalimu, kinga inakumbuka, tena sana. Mwaka 2008 wanasayansi walichapisha matokeo ya vipimo vya wazee 32 waliozaliwa mwaka 1915 au kabla, yaani waliokuwa watoto wakati wa influenza ya 1918. Karibu miaka 90 ilikuwa imepita, na damu yao bado ilikuwa na kingamwili dhidi ya kirusi kile. Kwa baadhi yao zilipatikana hata seli B zilizokuwa tayari kuzitengeneza upya. Nikisoma habari hiyo mimi husisimka. Ile influenza ilifika hata hapa. Reli ya kutoka Rhodesia ilikuwa imefika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, tangu 1910, na mwaka 1918 ugonjwa ulipanda na njia hiyo kutoka kusini, ukaingia kwenye kambi za wachimbaji.

Tatizo liko kwa kirusi. Kila kinapojinakili kinakosea kosea herufi, na hakina wa kukisahihisha. Makosa mengine yanabadilisha sura ya H kidogo kidogo, mpaka kingamwili za mwaka juzi zikose pa kushika vizuri. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linakaa mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kuamua chanjo ijayo iwe na virusi vya aina gani. Na mara mojamoja hutokea jambo kubwa zaidi: virusi viwili tofauti vikiingia kwenye seli moja, cha ndege na cha mtu kwa mfano, vile vipande 8 vinachanganyika na kinatoka kirusi chenye H mpya kabisa. Mwaka 1957 na 1968 ilitokea hivyo. Na 2009 tena, safari hiyo kikitokea kwa nguruwe.

Hata hivyo seli T zako za zamani hazipotei bure. Zenyewe zinatambua protini za ndani ya kirusi, ambazo hazibadiliki haraka kama H. Hazizuii usiambukizwe, lakini zinaweza kukufanya uugue kwa nafuu zaidi.

#8 NgubaBukavu

Salamu kutoka Bukavu, yaya. Huku mvua na baridi vimeungana. Nina mtoto wa miezi 8, amekamata gripi tangu jana. Mama mkwe anasema tumfunike na mvuke wa majani ya mikaratusi. Bado ananyonya. Nifanye nini?

#9 LaborantiniKatuba

Dada, pole kwa kuuguza. Mvuke mwacheni, mwambie mama mkwe kwa heshima. Sufuria la maji ya moto na mtoto wa miezi 8 chini ya shuka moja ni hatari ya kuungua, na mvuke haumalizi kirusi. Hapa kwetu wanatumia majani ya lumba-lumba, na maneno yangu ni hayohayo: mtu mzima akinusa akajisikia vizuri sina neno, mtoto hapana.

Endelea kumnyonyesha mara nyingi kuliko kawaida. Maziwa yako yana kingamwili za aina ya IgA, na kwa kuwa uko naye chumba kimoja, mwili wako unaelekea kutengeneza zinazolingana na kirusi hichohicho.

Sasa jambo la kuangalia. Mtoto akiwa ametulia, halii, mfunue kifua, uhesabu anavyovuta pumzi kwa dakika nzima ukiangalia saa. Kwa umri wake, 50 au zaidi ni kasi mno. Akifika mwaka mmoja kipimo kinashuka hadi 40. Ukiona hivyo, au sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani akivuta pumzi, au anakataa ziwa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea haamki vizuri, mpeleke hospitali, iwe saa nane ya usiku.

Na malaria apimwe, hata kama pua inachuruzika. Homa mbili zinaweza kukaa ndani ya mtoto mmoja. Mwisho wa mwaka 2024 eneo la afya la Panzi kule Kwango, si Panzi yenu ya Bukavu, watoto wengi walikufa na dunia nzima ikasema ugonjwa usiojulikana. Vipimo vilikuja kuonyesha malaria pamoja na virusi vya njia ya hewa, influenza A ikiwamo, kwenye miili iliyokosa chakula cha kutosha. Mtoto mwenye utapiamlo hana akiba ya kutengeneza maelfu ya seli T kwa siku tano. Habari ile iliniuma sana na bado inaniuma.

Jingine, na hili ni kwa nyumba zote za Lubumbashi na Bukavu: moshi. Moshi wa makala (makaa) unalemaza vinyweleo na kudhoofisha makrofaji. Na usiku wa baridi msiingize mbabula, jiko la makaa, ndani mkafunga dirisha. Gesi yake haina harufu, inaua familia nzima usingizini.

#10 NgubaBukavu

Nimehesabu mara mbili, ni 38. Ananyonya vizuri. Asubuhi tunaenda kupima malaria. Mungu akubariki yaya.

#11 DerevaKasumbalesa

Mukubwa, niko naandika haraka. Dada yangu mdogo alianza gripi siku nane zilizopita. Nilisoma maneno yako, sikumupatia shindano, alikuwa sawa, homa iliisha, hata juzi alienda soko. Leo homa imerudi na nguvu, anatetemeka, anasema ubavu unachoma akivuta pumzi, makohozi iko na rangi ya kutu. Tungoje tena seli?

#12 LaborantiniKatuba

Hapana ndugu, usingoje. Mpeleke hospitali sasa hivi, usiku huuhuu.

Homa iliyoisha ikarudi na nguvu, maumivu ya ubavu, makohozi ya rangi ya kutu: hiyo inaelekea kuwa nimonia ya bakteria iliyokuja nyuma ya gripi. Kirusi kimebandua ngozi ya njia ya hewa, vinyweleo havijaota, makrofaji nyingi zimekufa au zimechoka, na bakteria kama nimokoki, ambaye watu wengi wanaye puani bila madhara, anashuka mapafuni. Mwaka 1918 wengi waliokufa, hasa vijana wenye nguvu, walikufa na nimonia ya namna hii. Hapa seli peke yake hazitoshi, na hapa ndipo antibiotiki inapookoa maisha. Pengine atahitaji na oksijeni. Msimnunulie vidonge njiani mkarudi nyumbani.

Mkifika mwambieni munganga siku gani gripi ilianza, siku gani homa iliisha, lini imerudi. Kama amemeza dawa yoyote mbebe pakiti. Kama ana mimba, semeni pale pale mlangoni, msisubiri kuulizwa.